Bati Lenye Kutu Chini ya Rungwe

Dainess alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wageni mwanzoni na kuwafurahisha baadaye: hakuwaacha wasimame walipotaka. Mtu alishuka garini pale juu ya kilima cha tangi la maji, mji wa Tukuyu uko chini yake, anainua kamera, naye Dainess keshamshika kiwiko.

"Siyo hapo. Hapo utapiga picha ya choo cha shule. Njoo hapa."

Na kweli, ukisogea kidogo kushoto choo kilijificha nyuma ya mikaratusi, na nchi yote ikafunguka. Mabati ya mji yaliyobanana kama watu wanaoota moto, kisha migomba, kisha chai iliyokatwa sawasawa mpaka ukashawishika kwenda kuilalia, kisha mabonde yanayoteremka kuelekea Kyela. Mbali kabisa, ukungu ukiwa na adabu siku hiyo, uliona utepe wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Ukinga. Dainess alionyesha kimoja kimoja kwa kidole, kama mwenye duka anayejua kila kitu kiko rafu gani. Hakuharakisha, wala hakuomba radhi kwa mawingu. Mawingu yakiziba aliwaambia wageni wakae chini wasubiri, na watu waliosafiri kwa ndege wakakaa kwenye majani mabichi wakasubiri kwa sababu mwanamke mwenye khanga na viatu vya mitumba amesema hivyo.

Mwisho wa yote aliwageuza kaskazini, mlima Rungwe ulipo, akawaonyesha bati moja lenye kutu kwenye ukingo chini ya msitu. Bati hilo halikuwa na uzuri wowote. Lakini Dainess hakuwahi kuteremka kilimani bila kulionyesha, na wageni walilipiga picha kwa heshima tu, kwa vile wamekwisha kuzoea kumtii.

Kazi hiyo hakuisomea. Alikuwa mchambuzi wa chai kiwandani, tena mzuri, mpaka mambo yalipofunguliwa. Enzi zile za ruksa, serikali ilipoiachia biashara, kila kitu kilibadilika kwa mpigo: madukani sabuni ikawa ya kuchagua, mitumba ikamwagika mpaka maskini akavaa koti la suti, na viwandani watu wakaanza kupunguzwa. Dainess alipunguzwa. Alirudi nyumbani na aproni yake mkononi, akalima viazi, akauza ndizi, akajifunza kukaa kimya sokoni akingoja mnunuzi, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo.

Aliyemtoa huko ni Yussuph, mfanyabiashara wa pale Bagamoyo, siyo Bagamoyo ya pwani, hii yetu ya Tukuyu mjini. Naye alikuwa ameonja ruksa kwa upande wake mtamu: amefungua nyumba ya wageni yenye vyumba vya kutosha na amenunua pikapu. Wageni wakaanza kuja, wazungu na Watanzania wa mijini, wote wakiuliza Daraja la Mungu liko wapi. Siku moja Dainess alipeleka ndizi pale, akamkuta Yussuph anawaelekeza watu kwa mikono yote miwili, akiwapeleka kusiko. Akaweka beseni chini, akamwambia Yussuph, "Baba Yusra, ukiwaelekeza hivyo watafika Mbeya." Akapanda nao pikapu mwenyewe. Waliporudi jioni wageni walikuwa na matope mpaka magotini na furaha usoni, na beseni la ndizi lilikuwa bado pale pale, limepungua kidogo.

Tangu hapo akawa mwongozaji. Aliwapeleka watu Masoko kwenye ziwa lililokaa ndani ya volkano, akawapeleka Kijungu ambako mto Kiwira unazunguka kama ugali unaosongwa, lakini hasa aliwapeleka darajani na kilimani. Mumewe Lutufyo, fundi seremala asiyependa maneno mengi, alimtengenezea fimbo ya kupandia. Ilikuwa ndiyo baraka yake.

Shida ilikuwa baba mkwe.

Mzee Nsajigwa, nalitaja mimi jina hilo, Dainess halitamki, alikuwa mtu wa zamani. Kanisani alikwenda, Bwana Yesu alimkubali, lakini desturi ya mkwe hakuiacha mlangoni pa kanisa kama wengine. Kwa Wanyakyusa wa aina yake mkamwana hamtazami baba mkwe. Hasemi naye, hali naye, hakai naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani mkamwana anaingia porini, na kama hakuna pori anageuka na kujifunika mpaka mzee apite. Siyo uadui hata chembe. Ni heshima, tena heshima nzito ya kubebwa kila siku, na Dainess aliibeba tangu alipoolewa bila kunung'unika. Akiwa na mimba kubwa ya mwanawe Lwitiko aliruka mfereji na kulala kwenye magimbi ili mzee apite. Mzee naye alisaidia kwa upande wake: alikuwa na kikohozi cha kazi. Kila kona ya njia alikohoa kabla hajatokea, naye Dainess akisikia anapotea. Miaka ikapita hivyo, watu wawili wa ukoo mmoja wanaojuana kwa kikohozi na kwa mgongo.

Ilikuwa rahisi alipokuwa kiwandani au shambani, kwa sababu mzee alijua aliko. Sasa akawa yuko kila mahali. Mama mkwe, Veronika, ndiye aliyeleta habari, akiwa amejitwika mkungu wa ndizi kama kisingizio.

"Mkamwana, baba yenu anasema amefungwa," alisema. "Akienda sokoni, uko wewe na watu wako. Akienda kuona ng'ombe, uko wewe. Sasa ananiuliza mimi, atembee saa ngapi, usiku kama fisi? Anasema njia hizi alizipita yeye kabla yako."

"Mama, mwambie anitajie siku zake," Dainess alijibu bila kuchelewa. "Mimi nitachukua zinazobaki."

Ndivyo alivyokuwa, tatizo kwake lilikuwa kama fundo la kamba, unakaa chini unalifungua. Wakapanga. Mzee alikuwa amemkabidhi rafiki yake wa ng'ambo ya Kiwira ng'ombe jike amtunzie, kama wazee wanavyofanya ili mali isikae zizi moja, na kwenda kumwona alivuka Daraja la Mungu. Siku hizo Dainess aliwapeleka wageni Masoko. Siku nyingine daraja lilikuwa lake. Msimu mzima ukaenda bila tatizo, na Dainess akajipongeza mapema mno.

Maana ng'ombe hana habari na mipango ya watu. Alizaa siku yake mwenyewe, usiku, na asubuhi mzee akaletewa salamu kwamba kuna ndama jike. Nani atakaa nyumbani akisubiri siku ya zamu? Alichukua mwavuli wake akaondoka.

Daraja la Mungu halina aliyelijenga. Ni mwamba, volkano ililimwaga jiwe likiwa uji, likaganda, na mto ukajitafutia njia chini yake. Juu unatembea, chini maji yanaunguruma mpaka unayasikia miguuni. Asubuhi ile Dainess alikuwa katikati ya mwamba, nyuma yake wageni wamejipanga mmoja mmoja kama alivyowaagiza, wazungu wenye makoti ya mvua, wakiongozwa na mama mmoja mrefu aliyewahi kufundisha Songea na anayekijua Kiswahili. Mzee alikohoa. Alikohoa vizuri tu, kama siku zote. Lakini mto ulikuwa umejaa, na kikohozi kikamezwa na maji.

Dainess akainua macho, akauona mwavuli.

Mbele mzee, nyuma wageni, kulia maji, kushoto maji. Hapakuwa na migomba wala magimbi. Alifanya lile moja lililobaki: akageukia mtoni, akachuchumaa, akavuta khanga akajifunika kichwa chote.

Sasa yule mama mrefu naye alikuwa na akili zake. Aliambiwa hili ni Daraja la Mungu. Anamwona mwongozaji wake, mtu ambaye hajawahi kusitasita, anachuchumaa ghafla na kujifunika. Akaona kumbe ndivyo inavyofanywa mahali patakatifu. Akachuchumaa, akavuta sweta lake kichwani. Aliyemfuata akafanya vilevile, na aliyefuata, mpaka mwisho wa mstari. Bwana mmoja mnene aliyekosa cha kujifunika akatumia mfuko wa chakula.

Mzee Nsajigwa akasimama. Katika maisha yake ameona mengi, amefika migodini Afrika Kusini na kurudi, lakini hili hakuwa ameliona. Desturi ilimtaka naye ageuze uso, ila kila alikogeuka kulikuwa na mgongo wa mzungu. Mwishowe akakunja mwavuli, akaushika kama fimbo ya kipofu, akapita taratibu kando yao huku macho yake yakiwa angani. Na kwa sababu ni mtu mwenye adabu, kila mgongo aliupa shukrani yake. "Ndaga," alisema. "Ndaga. Ndaga. Ndaga fijo," asante sana, hiyo ya mwisho kwa yule wa mfuko.

Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliona yote. Kabla ya jioni Tukuyu nzima ilijua kwamba wazungu wamemwinamia mzee Nsajigwa, na kila aliyesimulia aliongeza mzungu mmoja. Yussuph alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Lwitiko, mimi naswali tangu utoto," alisema, "lakini safu iliyonyooka namna ile sijawahi kuisikia."

Dainess hakucheka. Alijua nyumbani hawatacheka, na hawakucheka. Shemeji yake Asukile, kaka mkubwa wa Lutufyo, alikuja usiku ule ule akasimama uani bila kukubali kiti. Alisema mzee amefanywa maonyesho. Alisema kazi ya kuzunguka na watu milimani si kazi ya mke wa mtu, na sasa imefika mpaka kuuza heshima ya ukoo kwa wapiga picha. Kesho kutakuwa na kikao kwa mzee, na baada ya kikao fimbo ile ya kupandia ikawe kuni.

Hapo Dainess aliogopa, nalisema wazi. Viazi angelima, ndizi angeuza, njaa haikumtisha. Alichokiogopa ni kurudi kwenye ule ukimya. Kilimani pale watu walimsikiliza tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na akawa amezoea, kama mtu anavyozoea chumvi. Alimwambia Lutufyo gizani, "Wakinikataza nitatii. Lakini ujue nitakuwa nimekufa kidogo." Lutufyo akamshika mkono tu, maana kwa baba yake hata yeye alikuwa mtoto.

Kikao kilikaa barazani kwa mzee. Dainess na Veronika walikaa jikoni, kuta za mianzi zikiwatenga na wanaume, ili mwenye kuhukumiwa asikie bila kuonana na mwenye kuhukumu. Asukile alisema sana. Wajomba wakasema. Mzee alinyamaza muda wote, wanamsikia tu akikuna ndevu. Kisha akauliza jambo moja.

"Lutufyo. Muulize mkeo. Wale watu walipoinuka, aliwaambia mimi ni nani?"

Lutufyo akaja kwenye ukuta wa mianzi kuuliza, ingawa swali lilikwisha kusikika na kila mtu. Dainess akajibu kwa sauti ya kawaida, isiyo kubwa wala ndogo.

"Niliwaambia ni baba aliyenitolea ng'ombe wa mahari. Nikawaambia kwetu baba wa namna hiyo hatazamwi. Yule mama mrefu akasema basi walifanya sawasawa kuinama."

Asukile akataka kuanza upya, mzee akamzuia.

"Mnaniambia kazi hii ni mbaya, na hakuna hata mmoja wenu aliyeiona," alisema. "Nitakwenda kusikia mwenyewe huko anakosema sana. Nikitoka huko nitatoa neno, na neno hilo hamtaliongeza wala kulipunguza."

Wageni walikuwa bado kwa Yussuph, wakisubiri anga isafike ili waone ziwa. Kesho yake asubuhi ikasafika. Pikapu ilipofika kilimani Dainess aliteremka wa kwanza, akasimama. Nyuma ya tangi la maji mtu alikohoa. Kilikuwa kile kikohozi cha kona, akakijua kama anavyojua mlango wake. Akageuza mgongo kwenye tangi, akajifunika khanga mabegani vizuri.

Yule mama mrefu akamsogelea, akanong'ona. "Kuna mzee nyuma ya tangi. Nadhani ni yule wa darajani. Tuiname?"

"Leo msiiname," alisema Dainess. "Tazameni mbele tu."

Akaanza. Maneno ya mwanzo yalitoka yakitetemeka, mji wa Tukuyu, soko, kanisa, akajisikia kama mtoto anayesoma darasani mbele ya mkaguzi. Kisha bwana mnene akasimama pabaya na kamera yake, na mkono wa Dainess ukamkamata kiwiko wenyewe. "Siyo hapo, hapo ni choo." Sauti ikarudi. Akawapa chai na jinsi inavyochumwa, akawapa mlima Kiejo uliowahi kutema moto, akawapa ziwa, na ziwa siku ile lilitoka lote, jeupe, hata Matema kule ufukweni ilionekana. Alieleza kama anavyoeleza siku zote. Kama ni kufukuzwa, alijiambia, basi nifukuzwe kwa kazi nzuri.

Mwisho akawageuza kaskazini, na hapo ulimi ukagoma. Lile bati. Tangu jana alikuwa ameamua kuliruka. Kulionyesha mbele ya mwenyewe, siku ya hukumu, ilikuwa ni kujitafutia. Wageni wakangoja. Akaona kwamba akiliacha, atakachokuwa amekisema pale juu hakitakuwa kazi yake tena, itakuwa kazi ya mtu mwoga. Akanyoosha kidole.

"Na lile bati lenye kutu, pale chini ya msitu," alisema. "Mnaliona? Ni bati la kwanza katika kijiji kile. Wakati huo nyumba zote ni nyasi. Mwenye nyumba alikwenda migodini Afrika Kusini, chini ya ardhi. Wenzake walirudi na viatu vya kung'aa na gramafoni. Yeye alirudi akanunua bati, watoto wake wasinyeshewe. Mmoja wa watoto hao ndiye mume wangu. Mwenye nyumba sijawahi kumtazama, na jina lake silitamki. Ndiyo maana nawaonyesha bati lake. Kila mtu niliyemleta hapa nimemwonyesha."

Hakuna aliyepiga picha. Yule mama mrefu aliwafasiria wenzake polepole, akakosea, akarudia.

Nyuma ya tangi kikohozi kikatoka, safari hii si cha kona. Kisha sauti.

"Mama mgeni."

"Naam, mzee," mama mrefu akaitika, akakumbuka kutogeuka.

"Niulizie huyo anayeeleza. Hilo bati linaonekana kweli kutoka huko?"

Mama mrefu akamgeukia Dainess, aliyekuwa ameyasikia yote. Dainess akamjibu yeye, akitazama Rungwe.

"Mwambie linaonekana, lakini kwa shida. Kutu imelimaliza, limefanana na msitu. Wengine hawalioni mpaka niwashike kichwa niwageuze."

Mama mrefu akaupeleka ujumbe, ingawa haukuwa na mbali pa kwenda. Dereva wa pikapu alizima redio ya gari.

"Mama mgeni. Muulize tena," alisema. "Nikilipaka rangi, rangi gani itaonekana vizuri kutoka huko anaposimama na watu wake?"

Dainess alifumba macho. Miaka yote hiyo ya magimbi na mifereji, na hili ndilo swali la kwanza baba mkwe kumuuliza bila kulipitisha kwa Lutufyo wala kwa Veronika. Machozi yalimshuka mbele ya wageni, wala hakuyafuta.

"Mwambie nyekundu," alisema.

"Nyekundu, mzee," akasema mama mrefu.

"Nimesikia," alisema mzee Nsajigwa. Wakamsikia akifungua mwavuli, kisha akiteremka upande wa pili wa kilima, akikohoa kila kona.